USUKANI WA MASHUA NDOGO YA TANGA: Jinsi Fundi Awezavyo Kuchagua Umbo la Bapa Lake

Donholm, mtaa ambao wakazi wake hupenda kuuita Doni, uko mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 400. Zamani palikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa, kisha pakawa mtaa wa nyumba, na maseremala wa kando ya barabara ya Outer Ring hutengeneza vitanda, makabati na milango. Basi mtu aweza kustaajabu akiambiwa kwamba fundi wa huko huenda akaletewa kazi ya usukani wa mashua. Lakini si ajabu. Mto Ngong, upitao jirani na mtaa huo, hupitia kwanza katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi mashua ndogo za matanga zilikuwa zikishindana juu ya bwawa hilo siku za mapumziko. Katika miaka ya 1990 gugu-maji na uchafu vililifunika, na matanga yakatoweka. Hata hivyo mashua za namna hiyo zimeendelea kutembea Mombasa na katika Ziwa Naivasha, lililo umbali wa kilomita 100 hivi kutoka Donholm. Na usukani uliovunjika huko wahitaji seremala mwenye randa kali na subira, naye si lazima awe ameiona bahari.

Kazi hii haifai kuchukuliwa kuwa ndogo kwa sababu ubao wenyewe ni mdogo. Huko Naivasha upepo huwa mtulivu asubuhi, kisha baada ya adhuhuri huvuma kwa nguvu. Mashua ambayo usukani wake haushiki maji hukataa kugeuka, hulalia ubavu, na waliomo hujikuta wakiogelea katika ziwa lenye viboko. Tena usukani ukivunjika katikati ya maji hakuna pa kwenda kutafuta mwingine. Kwa hiyo fundi anayeulizwa, "Wataka bapa la umbo gani?" hana budi kuwa na jibu lililo bora kuliko kufuata alama ya ubao wa zamani kwa kalamu na kuukata vile vile ulivyokuwa.

KAZI YA BAPA NDANI YA MAJI

Watu wengi hudhani kwamba usukani hufanya kazi kama mlango: ukisukumwa upande, maji huugonga, na mashua hugeuka. Kama ndivyo ilivyo, ubao wo wote ungetosha, na mtu angeweza kutumia kifuniko cha sanduku. Lakini sivyo. Bapa la usukani lafanana zaidi na bawa la ndege lililosimamishwa wima ndani ya maji. Likigeuzwa kidogo tu, maji yapitayo upande mmoja hukimbia kuliko yale ya upande wa pili, na upande huo wa mbio msukumo wa maji hupungua. Hapo bapa huvutwa kuelekea upande huo, na sehemu kubwa ya nguvu ya kugeuza mashua hutokana na kuvutwa huko, wala si kugongwa.

Jambo hili lina matokeo makubwa. Ili bapa livutwe, maji hayana budi kuufuata ubao kwa ulaini tangu ukingo wa mbele hata ukingo wa nyuma. Mshika usukani akiivuta kana kupita kiasi, maji hushindwa kupinda, hubanduka kutoka katika ubao, na nyuma yake hubaki mizunguko tu ya maji na povu. Tangu hapo usukani umekuwa breki. Mashua hupungua mwendo, na kwa kuwa mwendo umepungua, nguvu ya kugeuka nayo hupungua. Mshika usukani huona haigeuki, basi huvuta zaidi, na mambo huharibika zaidi. Ubao bapa mtupu, uliokatwa kwa msumeno na kuachwa na kingo zake, huachana na maji mapema sana, kwenye pembe ya digrii 8 au 10 hivi. Ubao uliochongwa vizuri huweza kufika digrii 12 hata 15. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo tofauti kati ya mashua inayopita mbele ya jiwe na ile inayolipanda.

Nguvu zenyewe si haba. Bapa lenye eneo la sentimita mraba 1,000 ndani ya maji, mashua ikienda mita 2 kwa sekunde, laweza kusukumwa upande kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 12. Mwendo ukifika mita 3 kwa sekunde, nguvu hiyo hufika kilo 27. Maana mwendo ukizidishwa mara 2, nguvu huzidi mara 4.

UMBO LA MKATO NDILO LA KWANZA

Fundi akiulizwa habari za umbo, mara moja hufikiri umbo lionekanalo bapa likiegemezwa ukutani: je, liwe la mraba, au lililochongoka, au la mviringo kama ulimi? Hilo lina maana yake, lakini linakuja nyuma. Umbo la kwanza ni lile ambalo mtu angeliona kama ubao ungekatwa katikati kwa msumeno na kutazamwa kwa juu: jinsi unene ulivyo tangu mbele hata nyuma. Hapo ndipo faida kubwa ilipo, tena ni faida ambayo gharama yake ni jasho tu.

Kosa ambalo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema ni kuunoa ukingo wa mbele kama kisu. Hudhani kwamba kilicho kikali hupita upesi. Kisu hukata nyama, lakini maji hayakatwi; hupisha, kisha hurudi kukutana. Ukingo mkali wa mbele hufanya maji yabanduke mara tu usukani unapogeuzwa. Mtu na amtazame jodari: kichwa chake ni kinene na laini, mwili wake huzidi unene kabla ya kufika katikati, kisha hupungua polepole hata mkiani. Hali kadhalika wataalamu wa ndege wamethibitisha kwamba nondo ya mviringo huzuiwa na hewa sawasawa na kipande chenye umbo la samaki ambacho unene wake ni karibu mara 10 ya ile nondo.

Umbo la namna hiyo lilipimwa kwa uangalifu huko Marekani. Mwaka 1933 halmashauri ya serikali iliyoshughulikia elimu ya urukaji, iliyojulikana kwa herufi NACA, ilitangaza vipimo vya maumbo 78 ya mabawa yaliyojaribiwa ndani ya bomba la upepo. Halmashauri hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa NASA mwaka 1958. Mojawapo ya maumbo hayo huitwa 0012, nalo lafaa sana kwa usukani kwa sababu pande zake mbili ni sawa, na unene wake ni asilimia 12 ya upana. Mahali palipo panene kabisa ni asilimia 30 ya upana kutoka mbele. Kwa bapa lenye upana wa milimita 200, vipimo vya unene kamili, pande zote mbili pamoja, ni hivi:

Milimita 10 kutoka mbele, unene 14.
Milimita 20, unene 19.
Milimita 40, unene 23.
Milimita 60, unene 24.
Milimita 100, unene 21.
Milimita 140, unene 15.
Milimita 180, unene 6.

Pua ya mbele ifuate duara lenye nusu kipenyo cha milimita 3 hivi. Fundi atakayekata kigezo cha bati kwa vipimo hivyo, na kukipitisha juu ya ubao kila anapopiga randa, atashangaa kuona jinsi macho yalivyokuwa yakimdanganya. Kwa kawaida mkono huondoa mbao nyingi mno mbele na chache mno nyuma. Plaiwudi mbili za milimita 12 zikiunganishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini hutoa unene wa milimita 24 barabara, na zina faida moja nzuri: tabaka zake huonekana kama mistari wakati wa kuchonga. Mistari ikienda sawa tangu juu hata chini, ubao u sawa. Ikipinda, pana kilima au bonde.

Ukingo wa nyuma usiachwe mnene, wala usinolewe hata ukawa kama wembe, kwa maana utavunjika siku ya kwanza utakapogusa changarawe. Unene wa milimita 2 au 3, uliokatwa wima bila kuviringwa, watosha. Wakati mwingine usukani mzuri huvuma kama nyuki mashua ikienda kasi. Hilo husababishwa na maji yanayoachana na ukingo huo kwa zamu, kulia na kushoto. Dawa yake ni kuukata ukingo wa nyuma kwa mshazari upande mmoja tu, na mara nyingi mvumo hunyamaza.

KINA AU UPANA?

Baada ya umbo la mkato ndipo lije swali la urefu. Tuseme eneo ni lile lile, sentimita mraba 1,000. Fundi aweza kulipata kwa bapa lenye upana wa sentimita 25 na kina cha 40. Au upana wa 17 na kina cha 59. Lipi bora?

Kwa mwendo, lile la kina kirefu ndilo bora, wala hapana ubishi. Kila bapa likivutwa upande, maji ya upande wenye msukumo hujaribu kutoroka kupitia chini ya ncha kwenda upande wa pili, na utoroshaji huo huburuta mashua nyuma. Bapa jembamba lenye kina lina ncha fupi, hivyo maji yapatayo nafasi ya kutoroka ni machache. Kwa mfano wa hapo juu, mburuto wa namna hii katika bapa pana huwa zaidi ya mara 2 ya ule wa bapa jembamba, nguvu ya kugeuza ikiwa sawa. Tena bapa lenye kina hufikia maji tulivu chini ya mawimbi, na hewa ya juu haipati njia rahisi ya kuvutwa kufuata ubao kwenda chini.

Lakini faida hiyo hulipiwa, na hapa ndipo fundi wa Donholm anapaswa kuwa mwangalifu kuliko muuzaji wa mashua. Bapa jembamba lenye asilimia 12 ya unene huwa pia si nene: lile la sentimita 17 lina unene wa milimita 20 tu, hali lile la sentimita 25 lina 30. Wakati huo huo nguvu ya maji huushika ubao mbali zaidi na mahali uliposhikiliwa juu. Hesabu ya mambo hayo mawili pamoja yaonyesha kwamba mbao za bapa jembamba, pale juu zinapoingia katika kichwa cha usukani, hubeba mzigo unaozidi mara 4 na nusu ule wa bapa pana. Na mahali hapo ndipo sukani nyingi huvunjikia.

Kwa sababu hiyo plaiwudi, ambayo karibu nusu ya tabaka zake hukaa kwa kukingama, haifai kwa bapa jembamba lenye kina isipokuwa iwe imefunikwa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi. Yafaa zaidi kuunganisha fito za mbao zilizonyooka, zenye nyuzi zinazokwenda tangu juu hata chini, na kila ufito wa pili ugeuzwe ili mbao zisipinde pamoja. Mtu asiyeweza kupata mbao safi zisizo na fundo na achague bapa la upana wa kadiri. Sentimita 20 kwa 50 ni mapatano ya busara kati ya mwendo na nguvu.

Kuna na jambo la mahali. Huko Lamu majahazi yana sukani pana zilizofuata mkuku, zisizozidi kina cha mashua yenyewe. Mtu aliyesoma habari za mabawa ya ndege asiharakishe kuwacheka mafundi wa Lamu. Maji ya pwani hiyo hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, na chombo hulala juu ya mchanga kila mara; usukani unaoning'inia chini ya mkuku ungeng'oka siku ya kwanza. Wachina nao, ambao walikuwa na usukani wa nyuma ya chombo tangu karne ya kwanza, kama uonyeshavyo mfano wa chombo cha udongo uliofukuliwa kaburini huko Guangzhou, walitengeneza sukani pana zilizotobolewa matundu ili ziwe nyepesi kuzungushwa. Kila mahali watu wametafuta jibu la maji yao.

Kwa mashua ndogo ya Naivasha, adui ni magugu. Ubao wima wenye kina hukusanya magugu kama reki. Kwa hiyo bapa la huko lifungwe kwa bolti moja katika kichwa cha usukani, liweze kuinuliwa kwa kamba na kushushwa tena. Hilo ni jema, lakini lina mtego wake. Mara nyingi mshika usukani hulalamika kwamba kana imekuwa nzito hata mkono unauma, naye humlaumu fundi. Kumbe bapa halikushuka lote, limebaki limeinuka nusu nyuma ya mashua. Bapa la kina cha sentimita 50 likibaki limeinuka digrii 45, mahali pa nguvu ya maji husogea nyuma kwa sentimita 18 hivi, na uzito mkononi waweza kufika mara 3 ya kawaida. Basi kamba ya kushushia ni sehemu ya usukani mwema kama mbao zilivyo, na fundi aitengenezee kishikizo imara.

Uzito wa kana waweza kupunguzwa pia kwa kuliweka bapa mbele kidogo. Nguvu ya maji hushika karibu na robo ya upana kutoka mbele. Kwa bapa la sentimita 20, ni sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele. Bapa likitangulizwa hata sentimita 2 au 3 za upana wake zikawa mbele ya mstari wa vyuma vya kuning'inizia, mkono hupumzika. Isizidi hapo. Robo nzima ikipita mbele ya mstari huo, usukani hutaka kujigeuza wenyewe, na mashua haitabiriki tena. Afadhali mshika usukani ahisi uzito kidogo, maana kwa uzito huo ndipo anapojua mashua yataka nini.

Na ule umbo la ubavu ambalo kila mtu huuliza kwanza? Ukingo wa mbele uwe wima au karibu na wima. Upana upungue kidogo kuelekea chini. Pembe za ncha ziviringwe kiasi. Duaradufu kamili kama ya bawa hupendeza macho, na hesabu yaiunga mkono, lakini faida yake juu ya bapa lililopunguzwa kwa mistari minyofu ni ndogo mno, nayo humtia fundi kazi ya siku nzima. Siku hiyo na aitumie kwa msasa.

Liko sharti moja ambalo halina budi kuulizwa kabla ya kukata ubao wo wote. Mashua nyingi ndogo ni za jamii maalumu zenye sheria za mashindano. Optimist, ambayo ni ya watoto na ilichorwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, umbo la usukani wake limewekwa na sheria. Laser, ambayo tangu mwaka 2019 huitwa pia ILCA, sheria zake hutaka bapa litoke kwa watengenezaji walioruhusiwa. Fundi aweza kutengeneza bapa zuri kuliko la kiwandani, na mwenye mashua akaondolewa katika mashindano kwa ajili yake. Kwa hiyo mteja aulizwe: ni ya kushindania, au ya kutembelea na kuvulia? Kwa mashua ya kutembelea fundi yu huru.

Kazi ikiisha kupakwa rangi na kukauka, bapa lijaribiwe kabla ya kufungwa. Liwekwe kati ya vigogo viwili, limelala, kila mwisho ukiegemea kigogo, na mtu mzima asimame katikati yake polepole. Likilia kwa sauti ya kupasuka, ni heri lilie karakana kuliko Naivasha. Kisha mashua iingizwe majini siku ya upepo mdogo, na kana igeuzwe kidogo kidogo hata mahali pale ambapo povu huanza kuonekana nyuma ya ubao. Mwenye mashua aonyeshwe mahali hapo, na alama ipigwe kwa rangi juu ya ubao wa tezi, ili ajue asiipitishe kana hapo.